Kabla ya kuuliza alivaa nini

"Kuna klipu tunashuti Jumapili, tunatafuta wasichana wanne. Vaa kifupi, nauli tutakupa." Hapa Nsambya, Katwe na Kabalagala wengi tunaijua hiyo simu. Wengine mmeipokea. Wengine ndio mliopiga.

Dada mmoja wa kundi letu alikubali. Aliambiwa ni kucheza tu, na kucheza anajua kweli. Alipofika akapewa nguo nyingine, ndogo kuliko aliyovaa. Alicheza toka asubuhi mpaka usiku, akarudi na shilingi 20,000. Klipu ilipotoka, uso wake haukuonekana hata mara moja. Ni kiuno, mapaja, kifua, basi. Mama yake alimtambua kwa kovu la goti. Kwaya wakamtoa. Mwimbaji bado anaimba, na wa kamera bado ana kazi.

Na sisi tulisema nini? "Lakini kwa nini alivaa vile?"

Uganda ilishapita njia hiyo. Februari 2014 Rais Museveni alitia sahihi sheria ya kupinga ponografia. Watu wakaiita sheria ya minisketi, na makundi ya wanaume yakaanza kuwavua wanawake nguo barabarani. Mwaka huohuo mwanamuziki Jemimah Kansiime, yule Panadol wa Basajja, alikamatwa kwa ajili ya video ya wimbo wake. Alikuwa na miaka 21, akakaa jela wiki tano. Meneja wake alikubali kosa, akatozwa faini ya shilingi 200,000. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikafuta vifungu vikuu vya sheria hiyo.

Je, katika hiyo miaka saba video zilibadilika? Fungua YouTube ujionee. Gari, chupa, cheni, msichana: vyote vimepangwa mstari mmoja, kama mali ya yule anayeimba. Sheria ilipima sketi. Haikuuliza nani aliichagua, wala pesa inaingia mfuko wa nani.

Mimi sisemi mwili wa mwanamke ni aibu. Kwetu Kongo tunacheza kiuno tangu utoto. Kwenye harusi mama anacheza, bibi anacheza, na wote tunapiga makofi, juu tunajua huyo ni bibi wa nani. Kansiime naye, pamoja na yote, wimbo ulikuwa wake na jina lake lilikuwepo. Dada yetu hakuachiwa jina wala uso. Hapo ndipo mtu anageuzwa kitu.

Najua kuna atakayesema: hakulazimishwa. Ndiyo, alikubali kucheza. Ile nguo ya pili hakuambiwa. Na kama wewe ni mkimbizi, mwenye nyumba anadai kodi, Kiganda hujui vizuri, polisi unaogopa, nauli ya kurudi iko kwa mwenye klipu, utakataa vipi?

Kaka zangu wa kamera, nawaomba: mwonyeshe nguo kabla hajapanda boda. Taja bei, na uilipe siku hiyohiyo. Mwonyeshe klipu kabla haijatoka, na akisema hapa toa, toa. Andika jina lake pamoja na majina yenu.

Dada zangu, msiende peke yenu, na nauli ya kurudi muwe nayo mkononi.

Ninyi wa mashirika, semina za maadili kwa wasichana tumezipata za kutosha. Tusaidieni karatasi moja ya mkataba kwa Kiswahili, na mtu wa kumpigia simu pesa ikiliwa. Na semina ijayo, waiteni wavulana.

Dada yetu bado hajarudi kwenye mikutano yetu. Tukienda kumwona, tusianze na swali la nguo.