Gari Bovu Linakula Mishahara Yetu



Mtu akipita Gumbo asubuhi, upande huu wa mashariki ya Mto Nile, atawakuta wenzetu wamelala chini ya malori wakifungua nati. Hao si mafundi, ni madereva. Gari limekwama, tajiri yuko Kampala au Mombasa, na simu yake haipokelewi. Mwenye kulipwa kwa safari halipwi siku hizo, na chakula chake na cha utingo kinatoka mfukoni mwake.

Barabara ya kwenda Nimule, kilomita 192, ilikamilika kutiwa lami mwaka 2012, nasi tuliifurahia. Lakini kuharibikiwa njiani si hasara ya fedha tu. Mwaka 2021 madereva wenzetu waliuawa katika barabara za nchi hii, hata tukaona malori yakisimama Elegu kwa mgomo. Anayemtuma mtu huko na breki za kubahatisha anacheza na roho ya mtu.

Tuseme pia juu yetu wenyewe, maana wengi tunaweka akiba tupate gari dogo la teksi. Mwenzetu mmoja alitoa akiba ya miaka minne kwa sababu rangi iling'aa. Alipofika, muuzaji alikuwa ameshaipasha injini moto. Wiki ya tatu maji yakaingia kwenye oili, na gari likalala gereji. Gari likaguliwe injini ikiwa baridi, mnunuzi awe na fundi wake mwenyewe, si fundi wa muuzaji. Fungua kifuniko cha oili: ukiona rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia, usitoe fedha kabla fundi wako hajajua yametoka wapi. Namba ya chesisi ilingane na ile ya kwenye kadi. Saa ya kilomita hurudishwa nyuma, lakini pedali zilizolika hazidanganyi. Tairi nazo zina tarakimu nne ubavuni: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi kuukuu iliyopakwa rangi nyeusi inapendeza sana siku ya kununua!

Baada ya kununua, adui mkubwa hapa ni vumbi. Filta ya hewa ikiziba, injini inakosa pumzi na kula mafuta zaidi. Oili ipimwe asubuhi kabla ya kuwasha. Kwenye lori, maji yamwagwe kutoka matangi ya upepo wa breki. Dizeli ya madumu kando ya njia tuiepuke pale inapowezekana, maana aghalabu huchanganywa maji au mafuta ya taa. Kazi hizi za asubuhi hazichukui hata nusu saa, na dereva anayeziruka hana haki ya kumlaumu tajiri.

Lakini filta, oili na bitana za breki hununuliwa kwa fedha, na fedha hiyo si ya dereva. Wapo matajiri wanaochelewesha sevisi miezi mingi, kisha klachi ikiungua wanakata mshahara. Hilo hatulikubali. Tunataka mkataba wa kazi utaje sevisi ni kila kilomita ngapi na kwamba mlipaji ni mwenye gari, dereva awe na daftari la kuandika kila kasoro aliyoitolea taarifa, na siku za kukwama kwa ubovu zilipwe kama siku za kazi. Wenzetu wanaolaza magari Gumbo waanze kuandika madaftari hayo sasa, hata kabla matajiri hawajakubali.