Heshima ya Muziki Haiazimwi

Msomaji kijana, wako watu wasemao kuwa muziki wa roki ni kelele tupu, na kwamba atakaye kuupa heshima sharti autoe katika magitaa aukabidhi kwa fidla na zumari za orkestra. Usiwasadiki. Kilemba hakimfanyi mtu kuwa shehe, wala fidla hamsini haziugeuzi wimbo mbaya kuwa mwema. Tena mtu afundishwaye kuona haya kwa akipendacho hawezi kukipima kwa haki.

Tazama mfano. Mwaka wa 1977 David Bowie, mwimbaji wa Uingereza, alitoa albamu iitwayo Low, akisaidiwa na Brian Eno. Mwaka wa 1992 Philip Glass, mtunzi wa Marekani, aliitumia kutungia simfoni ya sehemu tatu. Je, aliinakili albamu nzima, akabadilisha vyombo tu? Hasha! Alichagua mahadhi machache, akayakunjua na kuyaunganisha na yake mwenyewe. Mwaka wa 1996 alitunga simfoni nyingine kwa albamu ya "Heroes". Alipoifikia Lodger aliacha mahadhi akatwaa maneno, akayatilia muziki mpya. Nayo yaliimbwa Los Angeles mwaka wa 2019 na Angélique Kidjo, mzaliwa wa Benin.

Huko ndiko kutunga upya. Simfoni hizo ni watoto wa albamu: zina nasaba ya baba, walakini zatembea kwa miguu yao wenyewe.

Atauliza mtu, "Mbona kazi ya mwenyewe haiachwi kama ilivyo?" Imeachwa! Albamu ya 1977 yasikika leo vile vile; simfoni haikufuta hata sauti moja.

Linalostahili lawama ni tamasha la uvivu, ambamo bendi hupiga nyimbo zake kama siku zote, na orkestra huketi nyuma ikivuta sauti ndefu mfano wa pambo la ukumbi. Hapo mpiga fidla hodari hufanywa pazia, na msikilizaji huuziwa mara ya pili kitu alicho nacho nyumbani.

Basi, ualikwapo kusikiliza wimbo uupendao ukipigwa na orkestra, usiulize umevikwa nini. Uliza umesema nini kipya. Ukikosa jibu, rudi kwa magitaa yako bila ya haya.