BUSTANI YAKO ISINYWE MAJI YA JIRANI



Najua wengi wenu hapa Chechelesi mnatamani boma lenye nyasi za kijani kama zile mnazoona mkipanda Nanyuki. Hamu hiyo si dhambi. Ukisoma Mwanzo 2:15, mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Lakini njoo tupige hesabu.

Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyasi zikihitaji milimita 25 kwa wiki wakati wa jua kali, kiwanja cha mita 10 kwa 10 kitakunywa lita 2,500. Hiyo ni mitungi 125 ya lita 20, kila wiki! Na nje ya lango kuna mama anayetafuta mitungi miwili tu awapikie watoto. Hatujasahau ukame wa 2020 hadi 2023, misimu 5 mfululizo mvua ikikosa.

Soma 1 Wafalme 21. Ahabu alitaka bustani ya mboga karibu na nyumba yake. Ni kitu kizuri. Lakini aliipata kwa damu ya Nabothi, na Mungu akamtuma Eliya. Nasema bila kuogopa: kijani kinachotokana na kiu ya jirani si baraka.

Je, tuache kupanda? Hasha! Tupande kwa hekima.

Ukoka panda sehemu ndogo, mvua ya Machi au ya mwisho wa Oktoba ikianza. Usiukate hadi udongo uonekane, maana majani ndiyo kivuli cha mizizi. Kiangazi ukigeuka rangi ya udongo, usiung'oe. Mizizi ingali hai, mvua ikirudi utachipuka. Hata ndugu aliyenyauka kiroho, usimng'oe haraka.

Mboga zipande kwenye mashimo yaliyoshuka chini kidogo, maji yasikimbie. Tia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kwa sababu mbichi huunguza. Tandaza majani makavu juu ya udongo. Maji uliyooshea mboga au kusuuzia vyombo usiyamwage barabarani, yapeleke kwenye shina jioni jua likitua.

Mwarobaini na maua yaliyokwisha kushika, usiyanyunyizie kidogo kidogo kila siku, mizizi itabaki juu juu. Mwagilia hadi maji yazame, kisha acha siku kadhaa, mizizi iyafuate chini. Mkristo wa kunyunyiziwa Jumapili pekee naye kiangazi humkausha.

Wiki hii, kabla hujamwagilia, uliza kama nyumba ya pili wana maji ya kunywa. Kama hawana, mtungi wa kwanza uvuke ua. Isaya 58:10-11 inaanza na mwenye njaa, ndipo inafika kwenye bustani iliyotiwa maji. Mpangilio wa Mungu ni huo, tusiugeuze.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha ubishe hodi kwa jirani.