Ukiipa Biashara Jina Lako

Mwezi huu tuongee vito, ila si namna ya kuoanisha hereni na gauni. Tumwongelee anayevibuni. Mkufu ni mkufu tu. Kinachotufanya tulipe bei ya juu bila kununa ni jina lililoandikwa kwenye kiboksi, na nyuma ya jina hilo mara nyingi yupo mtu na stori yake.

Mchukue Kendra Scott wa Marekani. Mwaka 2002, akiwa na dola 500 na mtoto mchanga, alianza kutengeneza vito chumbani, nyumbani kwake Austin, Texas. Sampuli alizipanga kwenye boksi la majani ya chai, akambeba mwanawe kifuani, akapita duka moja baada ya jingine. Mwaka 2016 kampuni yake ilithaminiwa kuwa zaidi ya dola bilioni moja! Stori ya mama na boksi la chai imeuza kuliko tangazo lolote, kwa sababu mteja akivaa hereni zile anajiona kama amemuunga mkono shosti yake. Mwaka 2021 Kendra alimwachia mwingine ukurugenzi mkuu, lakini jina mlangoni bado ni lake.

Jina lakini lina pande mbili. Carolyn Rafaelian, binti wa mwenye kiwanda cha vito huko Rhode Island, alianzisha Alex and Ani mwaka 2004. Hayo ni majina ya wanawe wawili wa kwanza. Alibuni bangili nyembamba za waya zenye vidude vya kuning'inia, akaziuza kama vitu vya kuleta heri, na yeye mwenyewe akawa mfano wa heri hiyo. Wanawake wakazijaza mkononi mpaka kwenye kiwiko. Baadaye yakaja madeni na kesi, uongozi ukamtoka, na mwaka 2021 kampuni ikaomba mahakama iilinde dhidi ya wadai. Hebu fikiria: majina ya wanao yako juu ya mlango, ila ufunguo anao mtu mwingine.

Anayenigusa zaidi ni Suzanne Belperron wa Paris. Yeye hakutia sahihi kwenye kazi zake. Aliamini mtindo wake unatosha kumtambulisha. Kuanzia miaka ya 1930 alibuni vito chini ya jina la Bernard Herz, mfanyabiashara wa vito aliyekuwa Myahudi. Wanazi walipoikalia Ufaransa, mali za Wayahudi zikaanza kunyang'anywa, ndipo Suzanne akaiandikisha kampuni kwa jina lake ili isipotee. Herz alipelekwa Auschwitz na hakurudi. Vita vilipokwisha, mwanawe Jean akarejea kutoka kifungoni, na Suzanne akamrudishia nusu ya kampuni. Majina yao yote mawili yakakaa mlangoni. Wangapi kati yetu tungefanya hivyo?

Kwa mtazamo wangu, kuipa biashara jina lako ni kama ndoa: unaingia na sifa zako, na ukitoka hutoki na kila kitu. Kwa hiyo wewe unayeshona shanga sebuleni na kuuzia wenzako ofisini, nina machache ya kukuambia.

Stori yako iwe ya kweli. Usinunue bangili za jumla Kariakoo ukasema umezitengeneza kwa mkono. Siku shoga yako akizikuta dukani kwa bei ya chee, hataamini tena hata zile ulizokesha ukizishona.

Pili, ukileta mwekezaji, awe mchumba au shemeji, kaeni chini muandikiane jina ni la nani mkiachana. Mapenzi hayana risiti, biashara inazo. Na kwa Tanzania Bara, kusajili jina la biashara BRELA si sawa na kusajili alama ya biashara. Uliza yote mawili kabla hujachapisha viboksi.

Mwisho, kabla hujabandika jina la mwanao kwenye lebo, jiulize kama utavumilia kulisoma siku ambayo duka si lako. Ukiona utaumia, tafuta jina lingine, na la mwanao libaki nyumbani.

Tukutane mwezi ujao. Pendezeni!