Baridi ya Nyeri yataka dari kwanza

Kuanzia Juni hadi Agosti, mji wa Nyeri, ulio kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, hufunikwa na wingu zito ambalo huweza kukaa siku nzima bila jua kuchungulia. Sisi tukaao Skuta twaijua baridi hiyo hadi mifupani. Mwalimu husahihisha madaftari akiwa amevaa koti, na mwanafunzi husomea kitandani, blanketi mabegani. Hapo ndipo kila nyumba hujiuliza: tuwashe nini?

Wengi huwasha jiko la makaa. Jiko lile lenye kiuno chembamba na kigae cha udongo ndani, lililobuniwa humu nchini mapema katika miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa Thailand, limesifiwa kwa haki, kwani hupunguza makaa yanayotumika. Hata hivyo, sifa hiyo yamfaa mpishi, haimfai aliyelala. Makaa yanapoungua pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa na kichwa, akadhani ni mafua, akajilaza, asiamke. Gesi hii hufundishwa darasani, hutahiniwa, na jioni ile ile aliyeipata alama zote hufunga dirisha na kuliingiza jiko chumbani.

Wenye nafasi hununua hita ya umeme. Hii haina gesi, lakini hutoboa mfuko. Hita ya kilowati 2 ikiwashwa kwa saa 4 kila jioni hutumia yuniti 8. Tukikadiria shilingi 25 kwa yuniti, hizo ni shilingi 200 kwa jioni moja na shilingi 6,000 kwa mwezi. Mpangaji gani wa chumba kimoja atazimudu? Huko Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako nyumba nyingi zilitiwa hita za umeme ukutani karibu na sakafu, watu wamekuwa wakiziondoa na kuweka pampu za joto. Pampu hiyo hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa: hukusanya joto lililomo katika hewa ya nje na kulisukuma ndani, hata yuniti 1 ya umeme ikaleta takriban yuniti 3 za joto. Hewa ya Nyeri, ambayo ni baridi bila kuganda, ingeifaa sana. Bei yake ndiyo isiyotufaa, nami sitamshauri mwalimu yeyote akope kwa ajili hiyo.

Isitoshe, hakuna mtambo utakaotusaidia maadamu joto lina njia ya kutorokea, na njia hiyo iko juu ya vichwa vyetu. Vyumba vingi vya kupangisha vimeezekwa mabati matupu, bila dari. Hewa moto hupanda, huyagusa mabati, nayo mabati huutupa uvuguvugu wote nje. (Maji ya milima hii hii ndiyo yazungushayo mitambo ya umeme ya Masinga na Kindaruma, joto lake huturudia kwa waya, kisha likapotelea mawinguni.) Wazee wa Kikuyu waliezeka nyasi nene, wakaweka mlango mdogo, wakalala na mbuzi wao chini ya paa moja. Sisemi turudi huko, kwani moshi wa nyumba zile uliwaumiza mama zetu macho na vifua. Nasema kwamba walilijua paa.

Dari ya mbao au ya silingibodi huizuia hewa ikatulia juu yake, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Blanketi lafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Chumba chenye dari na mlango uliozibwa chini kitatosheka na hita ndogo kwa saa chache. Lakini chumba hicho kilichozibwa ndicho kisichopaswa kuingizwa jiko kamwe, hata likiwa na kaa moja, na tundu la hewa lisizibwe.

Basi mbona dari hazijengwi? Sababu ni kwamba mwenye nyumba ndiye alipiaye dari, na mpangaji ndiye alipiaye umeme na makaa. Mwenye nyumba haisikii baridi ya mpangaji wake. Sioni jinsi hisani itakavyoliondoa tatizo hili; serikali ya kaunti, ambayo huidhinisha ramani za majengo, ndiyo iwezayo kukataa ramani ya chumba cha kulala kisicho na dari.

Walimu wa sayansi waweza kuanza hata kabla ya hapo. Vipimajoto vimo katika maabara zetu. Mwezi wa Julai, wanafunzi wapime joto la vyumba viwili, kimoja chenye dari na kingine cha mabati matupu, saa 3 usiku na saa 12 asubuhi kwa majuma mawili, kisha takwimu hizo zipelekwe kwa mwakilishi wa wadi.