Uganda haina pwani, lakini inahitaji wataalamu wa bahari

Mwanafunzi wa Kampala akisema anataka kusomea sayansi ya bahari, swali la kwanza atakaloulizwa nyumbani ni bahari gani. Swali hilo si la kipuuzi, kwani kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Lakini mfanyabiashara anayepitisha bidhaa Busia, Malaba au Mutukula hutegemea kazi ya wataalamu hao kila msimu, na wanapokosekana hasara huwa yake.

Mfano wa karibu ni wa 2019 na 2020. Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki yalipata joto kuliko kawaida, huku yale ya upande wa Sumatra yakipoa. Tofauti hiyo ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi kuwahi kupimwa. Hewa yenye unyevu ikavutwa huku, mvua za vuli zikapita kiasi, mito ikafurika na barabara zikakatika. Ziwa Victoria, ambalo hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka kwa mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, likajaa. Mei 2020 usawa wa maji katika kipimo cha Jinja ulifikia mita 13.42, ukaipita kidogo rekodi ya mita 13.41 ya 1964, ambayo nayo ilitokana na mvua kubwa zilizoanza 1961. Mialo mingi ilizama, na maji yakaingia hadi Port Bell na Ggaba. Aliyekuwa na dagaa ufukweni au mahindi njiani alijua gharama yake.

Joto la bahari halipimwi kwa kukisia. Maboya karibu 4,000 ya mpango wa kimataifa wa Argo huelea katika bahari za dunia. Kila boya hukaa kwenye kina cha mita 1,000, na kila baada ya siku 10 hivi hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda juu likipima joto na chumvi na kutuma takwimu kwa setilaiti. Nyuma ya takwimu hizo kuna watu: mabaharia wanaoliteremsha boya, fundi anayehakiki vipimo vyake, mchambuzi anayelinganisha miaka, mtabiri anayegeuza namba kuwa onyo. Ni kwa kazi ya namna hiyo kwamba kituo cha hali ya hewa cha IGAD kilichoko Kenya hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya msimu kuanza. Mnunuzi wa nafaka anayepata habari hiyo mapema na kuielewa hukausha mapema, husafirisha mapema na hakopi fedha kwa ajili ya mzigo utakaoozea njiani.

Ziwani kazi ni ileile, ila hatari iko karibu zaidi. Usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji na kuzaa dhoruba kali kuelekea alfajiri, saa ambazo wavuvi wako kazini na maboti ya mizigo yanajiandaa kuondoka. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa ziwani kila mwaka. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, ulizisaidia idara za hali ya hewa za nchi za ziwa kuboresha utabiri kwa wavuvi na wasafiri. Ulikuwa msaada mkubwa, lakini mradi una tarehe ya kufungwa. Mara nyingi miradi ya namna hiyo inapokwisha, vifaa hukosa vipuri na kijana aliyefundishwa kuvitunza hutafuta kazi nyingine mjini.

Kanda hii iliwahi kuwa na utaratibu bora. Jinja ilikuwa na shirika la utafiti wa samaki wa maji baridi tangu 1947, Zanzibar ikawa na shirika kama hilo la baharini, na idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao Nairobi. Yote yakawa ya Jumuiya, na mtaalamu alikuwa mwajiriwa wa Jumuiya. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ilibaki na kipande chake. Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi mwaka 1979, Tanzania ikaunda ya uvuvi mwaka 1980, na Uganda ikabaki na kituo cha Jinja. Kazi wanayoifanya inafanana kiasi kwamba taasisi ya Kenya ina vituo Mombasa na Kisumu, bahari na ziwa chini ya paa moja. Wataalamu wa nchi tatu pia wamekuwa wakipanda meli moja kuhesabu samaki wa Ziwa Victoria kwa mwangwi wa sauti. Majini wanashirikiana, lakini ajira zao zinaishia mpakani.

Itifaki ya Soko la Pamoja imetumika tangu Julai 2010. Makubaliano ya kutambuana vyeti yalianza na wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi, kisha madaktari wa mifugo. Wapimaji wa bahari na ziwa, watabiri wa hali ya hewa na mafundi wa vifaa vyao wanastahili kufuata. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako hapa Kampala, lina nafasi ya kuanza: mwanafunzi wa hali ya hewa wa Makerere apate muhula wa vitendo Zanzibar au Mombasa, na wa Dar es Salaam apate wa kwake Jinja.

Watakaouliza fedha zitatoka wapi, wakati hospitali hazina dawa na takwimu za setilaiti ni za bure, wana hoja. Lakini takwimu ya bure haina faida bila mtu wa kuisoma kwa ajili ya ziwa hili, na setilaiti haishuki Kalangala kurekebisha kipimo kilichoharibika. Nafasi chache za kudumu katika bajeti ya kila nchi zingegharimu sehemu ndogo ya hasara ya msimu mmoja wa mafuriko.

Tangu Somalia ijiunge mwaka 2024, pwani ya Jumuiya inaanzia Ghuba ya Aden hadi mpaka wa Msumbiji. Vyama vya wafanyabiashara vimezoea kudai barabara, vizuizi vichache na ushuru wa haki. Katika mkutano ujao na mawaziri wa biashara, viongeze dai moja: wanaopima maji yanayoamua mvua na safari wapewe ajira ya kudumu, na waruhusiwe kufanya kazi nchi yoyote ya Jumuiya.