Bafu letu, mama mkwe na hela ya mchezo

Leo sizungumzii wivu wala simu za usiku wa manane, nazungumzia bafu. Usifunue ukurasa kwanza, shosti, maana hili bafu nusura liniachanishe na mume.

Nyumba yetu tulihamia haijaisha, kama wengi hapa Dar. "Tutamalizia humo humo ndani," tukaambizana. Miaka mitano ikapita. Simenti ya bafuni ikachimbika, ukuta ukaota ukungu mweusi, na mgeni akiomba kujisaidia mimi natangulia mbio na ndoo na brashi.

Mwezi wa nne mama mkwe akaja kutoka Tanga kutibiwa magoti. Siku ya tatu, saa kumi alfajiri, nikasikia maji yanamwagika nyuma ya nyumba. Kutoka, mama wa watu anaoga nje gizani, kajifunga kanga.

"Shikamoo mama. Mbona huku?"

"Marahaba mwanangu. Humo ndani panateleza. Nikivunjika nyonga nitawapa kazi."

Hakunilaumu. Bora angenilaumu.

Nilikuwa na laki tano na nusu za mchezo. Baba watoto alishazipigia hesabu: gia boksi ya gari. Akasema mama ataondoka baada ya wiki sita, gari ndiyo inayotuleta mjini. Tukanuniana siku nne, salamu tunapitishia kwa watoto. Usiku wa tano ndipo akanitolea ukweli: kazini hawajamlipa miezi miwili, alikuwa anaona haya kuniambia. Jamani! Miezi miwili mtu anafunga tai kila asubuhi, na mimi namdai hela ya saluni. Nililia, nusu hasira, nusu huruma. Kisha tukatafuta karatasi na kalamu. Laki mbili gari, laki tatu na nusu bafu, na asinifiche tena.

Sasa hesabu zenyewe. Bafu letu ni mita 2 kwa mita 1.5, yaani sakafu ya mita za mraba 3. Marumaru za sentimita 30 kwa 30 zinaingia 34, ukiongeza moja ya kumi kwa za kukata na kuvunjika, ni 37. Kariakoo muuzaji kaniletea zinazong'aa kama kioo. Nikazimwagia maji ya kunywa, nikapitisha kiganja: utelezi mtupu! Nikachukua zenye mikwaruzo, masalia ya mzigo, bei ikashuka. Ila masalia nunua zote siku hiyo hiyo, na uangalie namba ya mzigo kwenye boksi. Ukirudi wiki ijayo rangi haifanani.

Ukutani niliweka marumaru upande wa bomba la mvua tu, mita moja kwenda juu. Kwingine tulikwangua ukungu, tukaacha ukuta ukauke kabisa, ndipo tukapaka rangi ya mafuta. Ukipaka juu ya unyevu itabanduka kama ganda la yai.

Fundi alikuja na sifa nyingi. Kabla hajafunika mabomba nikafunga koki zote, nikaenda kuangalia mita ya maji. Inazunguka! Kumbe bomba linavuja ndani ya ukuta, na yeye alikuwa tayari kulizika. Akaliziba. Akamwaga sakafu, ikakauka, nami nikachukua gololi ya mwanangu nikaiweka katikati. Ikabingirika mpaka mlangoni, kuelekea chumbani kwangu.

"Dada, marumaru zikikaa itajirekebisha."

"Fundi, hela yako ya pili ipo, ila naitoa maji yakifika tunduni."

Akanuna, akapiga simu mbili tatu, akavunja. Mara ya pili akaweka mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, gololi ikaenda yenyewe tunduni. Hapo ndipo nikamruhusu apange. Mimi nasema hivi: hela ikiwa ndogo, anza na maji yanapopita. Kioo kikubwa na pazia la maua vitakuja. Mimi mwenyewe mpaka leo natumia kioo cha mkononi.

Hela iliyobaki ilitengeneza kitu ambacho fundi hakukielewa. Fundi wa kuchomelea hapo mtaani alinikatia bomba la chuma, akalipaka rangi, tukalifunga ukutani usawa wa kiuno cha mama.

Siku tatu tukaoga kwa jirani, marumaru zishike. Siku ya nne mama akaingia wa kwanza. Akakaa weeee! Mimi na mwanawe tuko koridoni tumetega masikio kama wezi. Akatoka ananukia sabuni, akamtazama mwanawe.

"Hilo chuma nani kalifikiria?"

"Mkeo, mama," akasema baba watoto, nami nikajifanya natafuta kandambili.

Gari bado inakwaruza. Mwezi ujao nitawaambia kama mshahara umetoka.